Hazadi si taa ya ukungu

Ukitoka Njombe kwenda Makambako alfajiri ya mwezi wa saba, huendeshi gari, unakisia barabara. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upepo wa kusi unapandisha unyevu milimani usiku kucha, na kabla jua halijapata nguvu ile lami ya kilometa 60 hivi ina vipande ambavyo dereva anaona boneti yake, mstari mweupe kidogo, basi. Mti wa kando ya barabara unakutokea ghafla kama mtu aliyekuwa amejificha.

Asubuhi ninayoikumbuka, mbele yangu kulikuwa na Noah, mbele ya Noah kulikuwa na Coaster, na mbele ya Coaster Mungu ndiye aliyejua. Sote tulikuwa tumewasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, zinawaka na kuzima. Hakuna aliyetuambia tuwashe. Nilimwona wa mbele amewasha nikawasha, wa nyuma akaniona akawasha, tukawa msafara wa harusi usio na bibi harusi. Baada ya muda Noah ikakata kushoto kuingia kijijini. Nilijua imekata ilipokwisha toweka, kwa sababu indiketa yake ya kushoto ilikuwa ikiwaka pamoja na ya kulia tangu tulikotoka. Coaster nayo ikaniacha. Nikabaki na ukungu wangu na kilometa 50 kwa saa.

Kisha nikaona tena taa mbili za njano zinawaka na kuzima. Nikajisemea, Coaster hiyo, nimeifikia.

Haikuwa Coaster. Ilikuwa semi, lori la tela, iliyobeba mbao, imesimama, nusu iko kwenye lami na nusu majanini, tairi la tela limepasuka. Tufanye hesabu, maana wakati ule sikuifanya. Kilometa 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Taa zile nadhani niliziona nikiwa mita 60 hivi. Lingekuwa gari linalotembea kwa 40, ningekuwa na sekunde zaidi ya 20 za kulifikia, muda wa kutosha kuguna na kupunguza mwendo. Kwa gari lililosimama nilikuwa na sekunde nne na ushei. Mbili kati ya hizo nilizitumia kuamini kwamba ni Coaster. Zikabaki mita 32. Kanuni za barabara za Uingereza zinakadiria kwamba gari dogo kwenye kilometa 48 kwa saa linahitaji mita 23 kusimama: 9 za dereva kushtuka, 14 za breki zenyewe, na hapo lami ni kavu. Ikilowa, za breki zihesabie karibu maradufu. Mimi kushtuka nilikuwa nimeshamaliza, nilibakiwa na breki tu. Nilisimama naisoma namba ya tela bila kukaza macho.

Nilivyofikiri wakati ule, yule dereva wa mbao hakuwa na kosa. Gari limeharibika, limesimama, limewasha hazadi: ndiyo kazi ya kile kitufe chenye pembetatu nyekundu. Wenye kosa tulikuwa sisi tuliotangulia, tuliokuwa tunatembea vizuri kabisa huku tukipiga kelele ile ile ya mtu aliyekwama. Tulikuwa tumeshalitumia neno lake, naye alipolihitaji likawa halina maana.

Hebu sikiliza hazadi inavyosema mengi kwenye barabara zetu. Kariakoo, gari limeachwa katikati ya njia, hazadi zinawaka, maana yake "nakuja sasa hivi, nanunua kitu". Jumamosi mchana ni harusi. Jumapili ni msiba, hazadi hizo hizo. Lori likikupisha ukalipita, unapiga hazadi mara mbili kusema asante. Gari linalovutwa kwa kamba linawasha. Basi lililofunga breki ghafla linawasha kumaanisha "jamani, mbele kuna jambo". Wapo wanaofika njia panda wakawasha hazadi wakimaanisha wanakwenda moja kwa moja, na hao hadi leo sijajua walifundishwa na nani. Juu ya yote hayo tukaongeza mvua, vumbi na ukungu. Dereva aliye nyuma anatakiwa achague tafsiri moja ndani ya sekunde mbili, na baadhi ya tafsiri hizo zinamtaka asimame papo hapo.

Walioandika sheria waliliona hili zamani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaipa hazadi kazi mbili tu: kuonyesha kwamba gari limeharibika au limepata ajali na haliwezi kuondolewa mara moja, na kuwatahadharisha wengine juu ya hatari iliyo karibu kutokea. Waingereza wameibana zaidi. Kanuni yao ya 116 inamkataza dereva kuwasha hazadi gari likiwa linatembea, isipokuwa yuko kwenye barabara kuu ya mwendo kasi na anataka kumwonya aliye nyuma kuhusu kizuizi kilicho mbele, na hata hapo awashe kwa muda wa kutosha kuonekana tu, kisha azime. Ukungu umewekewa kanuni yake: usipoweza kuona zaidi ya mita 100 hivi, washa taa kubwa, na ukitaka ongeza taa za ukungu. Hazadi haimo.

Anayetaka kunipinga ataniambia kuhusu Florida, na atakuwa na hoja. Jimbo hilo la Marekani lilikuwa likikataza hazadi kwenye gari linalotembea, kisha kuanzia Julai 2021 likaruhusu ziwashwe pale ambapo kuona ni kugumu mno. Mvua za Florida si za mchezo. Lakini soma sharti lake: ruhusa ni kwa barabara zenye kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa au zaidi, yaani karibu kilometa 88. Ni barabara ambazo kila mtu anatarajiwa kwenda kwa kasi, na kwa hiyo anayekwenda pole ndiye kitu cha ajabu kinachohitaji tangazo. Barabara ya Njombe ina mama mwenye kuni kichwani, bodaboda iliyobeba magunia mawili ya viazi, ng'ombe, na trekta. Pale kwenda pole si ajabu. Nisingekopa sheria ya Florida bila kukopa na barabara yake.

Tuache sheria, tuiangalie taa yenyewe. Indiketa, kwa viwango vya kimataifa, inatakiwa kuwaka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Chukua katikati, mara 90. Kila mzunguko unachukua theluthi mbili za sekunde, na nusu ya muda huo taa imezima. Basi linalokwenda kilometa 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wake kisheria, linatembea mita 7 na zaidi katika kila giza dogo la namna hiyo. Mchana mweupe hilo halina neno, kwa sababu taa ikizima gari bado unaliona. Kwenye ukungu, taa ikizima gari nalo limezimika.

Na jicho linapima umbali vipi gizani? Halina futi. Linatazama taa mbili nyekundu za nyuma na nafasi iliyo kati yake. Nafasi ikipanuka polepole unajua unalikaribia gari, ikipanuka haraka unajua unalivamia. Ni kipimo kizuri sana na kila dereva anacho bila kufundishwa, lakini kinataka taa zitulie. Zikiwa zinakuja na kuondoka, jicho linaanza upya kila mara. Sasa weka magari manne yenye hazadi mfululizo, kila moja na mapigo yake, hakuna mawili yanayolingana. Hesabu ya magari yenyewe inakupotea, sembuse umbali. Breki pia. Kwenye magari yetu mengi taa ya breki ina balbu yake na hazadi haiizuii, ila inatokea katikati ya mwako wa njano, na mwenye macho ya uchovu wa saa kumi na moja alfajiri anaweza asiitofautishe. Kwenye baadhi ya magari ya Kimarekani balbu nyekundu moja ndiyo indiketa na ndiyo breki, kwa hiyo hazadi ikiwaka breki inaweza isionekane kabisa.

Jambo ambalo watu wa magari madogo hawalijui ni hasara ya lugha. Madereva wa malori wa njia hii ya kwenda Songea, na wa ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma, wanazungumza kwa indiketa. Uko nyuma ya semi kwenye kona za mlima wa Kitonga, huoni mbele. Yeye yuko juu, anaona. Akiwasha ya kulia anakuambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo, na mimi simshauri mtu akabidhi roho yake kwa indiketa ya mwenzake, lakini lugha ipo na imeokoa watu wengi. Mwenye semi akishawasha hazadi amejiziba mdomo. Hawezi kukuambia tulia, hawezi kukuambia pita, hawezi hata kukuambia kwamba yeye mwenyewe anataka kuingia kulia kwenye kituo cha mafuta. Yapo magari mapya ambayo ukiwasha indiketa yanaisimamisha hazadi kwanza. Hayo kwenye barabara ya Njombe utayahesabu kwa vidole.

Pamoja na haya yote sikubaliani na wanaosema madereva wetu ni wajinga tu. Tabia hii ina mzazi, na mzazi huyo ni upungufu wa taa.

Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoendesha Tanzania, Kenya na Uganda yalizaliwa Japani na kutumika huko kabla hayajapakiwa melini. Ulaya, gari jipya haliruhusiwi kuingia barabarani bila taa ya ukungu ya nyuma: taa nyekundu, kali kama ya breki, inayowaka mfululizo, mara nyingi iko moja tu upande wa katikati ya barabara. Japani haijaifanya kuwa lazima, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko lao la ndani hayana. Kwa hiyo mwenye Noah ile, hata angekuwa amesoma kanuni zote za Uingereza usiku kucha, kitufe cha kubonyeza hakipo. Ana taa ndogo za nyuma, zilizofifia kwa umri na vumbi la miaka, na ana hazadi. Anabonyeza kilichopo. Zile taa za ukungu tunazopenda kuongezewa na mafundi ni za mbele, za kujiona sisi. Ya kumsaidia aliye nyuma hakuna anayeiulizia.

Kuna na aibu. Jaribu kuendesha mchana huku umewasha taa kubwa. Haitapita kilometa moja kabla dereva wa upande wa pili hajakufumbia na kukufumbulia kiganja, na bodaboda wa tatu atakupigia kelele: "Taa, bro! Taa!" Wana nia njema, wanadhani umesahau. Tumelelewa kuona taa ya mchana kuwa ni usahaulifu, unakula betri bure. Matokeo yake, ikifika saa moja asubuhi ukungu bado ni mzito, lakini ni mweupe, kumekucha, na watu wanaanza kuzima taa kubwa mmoja mmoja. Hazadi hawazimi. Hazadi haina aibu, kwa sababu kila anayeiona anajua umeiwasha kwa makusudi. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo: tuna taa sahihi inayotutia haya na taa isiyo sahihi inayotupa heshima.

Magari ya kisasa yameongeza mtego wao. Mengi yana taa za mchana zinazowaka zenyewe mbele injini ikiwashwa, na dashibodi inang'aa muda wote. Dereva anaona mwanga mbele, anaona dashibodi, anaridhika. Nyuma kuna giza tupu. Hata zile zenye swichi ya kujiwasha hupima mwanga, hazipimi ukungu. Ukungu mweupe wa saa mbili asubuhi kwao ni mchana. Kwenye hali hiyo zungusha swichi kwa mkono wako mpaka taa kubwa za chini ziwake, hapo na za nyuma zitakuwa zimewaka. Fulu usiipige. Matone ya ukungu yatakurudishia mwanga wako usoni na utaona ukuta.

Yote niliyosema kuhusu ukungu yanahusu mvua kubwa pia, ile inayofanya waipa zionekane zinacheza tu. Vumbi ni jambo tofauti kidogo. Nyuma ya lori kwenye barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, dawa si taa ya aina yoyote, dawa ni kubaki nyuma mpaka litulie. Vumbi halidumu kama ukungu, kinachodumu ni haraka yetu.

Kuhusu mwendo kuna ubishi mzuri wa kisayansi ambao napenda kuutaja. Mwaka 1998 watafiti wa Cardiff walichapisha katika jarida la Nature jaribio la madereva waliokaa kwenye mtambo unaoigiza gari. Picha ya barabara ilipofifishwa, madereva walihisi wanakwenda pole kuliko ukweli, wakaongeza mwendo bila kujua. Ikawa ndiyo maelezo maarufu ya kwa nini watu wanakimbia kwenye ukungu. Mwaka 2012 wengine, wakiwemo wa taasisi ya Max Planck ya Tübingen huko Ujerumani, wakasema ukungu halisi haufifishi kila kitu sawasawa: lami iliyo mbele ya boneti unaiona, kilicho mbali ndicho kinachopotea. Walipoigiza ukungu wa namna hiyo, madereva walihisi wanakwenda kasi na wakapunguza. Mimi si wa kuamua kesi hiyo. Ninachoona kwa macho yangu Makambako ni kwamba mtu aliyewasha hazadi huendelea na 70 yake kwa amani kubwa, kama aliyekwisha kulipa nauli. Kitufe kimempa hisia kwamba kuna jambo amelifanya. Mguu haujafanya lolote.

Wajerumani wana kanuni rahisi ninayoipenda. Ukungu ukikufanya usione zaidi ya mita 50, mwendo wako usizidi kilometa 50 kwa saa, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kuwasha taa ya ukungu ya nyuma, maana kukiwa na mwanga wa kutosha inamuumiza macho aliye nyuma. Hamsini kwa hamsini. Hata kichwa chenye usingizi kinaikumbuka. Mimi ningeshuka chini ya hapo kwenye barabara zetu zenye watu kandoni, lakini ni pa kuanzia.

Basi hazadi iwashwe lini? Ukisimama, hilo halina mjadala, na isikae peke yake bila pembetatu nyuma. Ukiona ajali au foleni mbele ghafla, iwashe unapokanyaga breki, na aliye nyuma yako akishapunguza, izime. Yapo magari mapya yanayofanya hivyo yenyewe dereva akikanyaga breki kwa nguvu, na nadhani walioyabuni walielewa: taa ile ni ya kusema "jambo limebadilika". Na lipo kundi la tatu ambalo nimebishana nalo kichwani kwa muda mrefu. Semi iliyobeba tani zake inapanda mlima kwa kilometa 15 kwa saa, ukungu umefunga, mabasi yanakuja nyuma kwa 60. Kanuni ya Waingereza ingemkataza. Mimi ningemruhusu, kwa sababu kwa basi linalokuja nyuma tofauti kati ya 15 na kusimama ni ndogo mno. Kipimo changu ni hicho: je, mwendo wako ni wa kumshangaza aliye nyuma? Kama unakwenda kama wenzako, huna la kumtangazia, mwachie taa nyekundu zilizotulia. Kama unajikokota katikati ya wanaokimbia, tangaza, na ukifika kileleni ukashika mwendo, zima.

Najua kipimo hicho kinataka dereva afikiri, na maonyo ya barabarani yanapendeza yakiwa hayataki mtu afikiri. Lakini njia mbadala ni hii tuliyo nayo, ya kila mtu kuwasha kuanzia mwanzo wa ukungu hadi mwisho. Wakenya wanaotoka Nairobi kwenda Nakuru wanaijua vilevile, kuanzia Limuru kupita Kimende hadi Kinungi, na sijasikia wakisema kwao inafanya kazi vizuri zaidi.

Mahali pa kuanzia kazi ni nyuma ya magari. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi wanapita Mafinga na Makambako katika saa zile zile ambazo ukungu huwa mzito kuliko wakati wote. Ukaguzi unaotazama leseni, stika na mikanda ungeongeza dakika moja ya mkaguzi kuzunguka nyuma ya tela akiwa na kitambaa: zote zinawaka? zinaonekana chini ya tope? viakisi mwanga vipo au vimebaki vibandiko vilivyochubuka? Taa ya ukungu ya nyuma si kifaa cha anasa. Fundi umeme anayeweza kukufungia taa za mbele za mapambo anaweza kufunga moja nyekundu upande wa kulia, na swichi yake peke yake, na kijitaa cha kukukumbusha kuizima. Nisingeshangaa likawa sharti kwa mabasi ya mikoa ya nyanda za juu, na ningefurahi zaidi likiwa sharti bandarini.

Nimesema yule dereva wa mbao hakuwa na kosa. Nilishuka kumpa pole, na nimwombe radhi moyoni, miguu ikiwa bado inatetemeka. Alikuwa mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anageuza jeki. Utingo wake ndiyo kwanza alikuwa anatoka porini na matawi mabichi, anayapanga barabarani nyuma ya tela, moja, mawili, matatu, kwa hatua. Nikamuuliza mzee kama taa ndogo za nyuma zimeathirika tairi lilipopasuka, maana sikuziona.

"Hizo zimekufa tangu Songea," akasema. "Waya. Zinazofanya kazi ni indiketa. Ndiyo maana nimekuja na hazadi usiku kucha."

Kwa hiyo aliyekuwa nyuma yake, tangu Songea, alikuwa anaona kile kile nilichokiona mimi, lori likitembea na lori likisimama, bila tofauti yoyote. Na bado sikuweza kumlaumu sana. Asingewasha angekuwa ukuta mweusi.

Walipomaliza kufunga tairi ukungu ulikuwa umeanza kupanda juu ya misonobari. Utingo akaenda nyuma akaipiga taa ya kushoto kwa kisigino cha kiganja, mara mbili, ya tatu ikawaka. Ya kulia ikagoma. Wakacheka, mzee akapanda, hazadi zikaendelea, wakaondoka.

Nilipita pale tena jioni, kumekauka, unaona hadi milima ya mbali. Matawi yalikuwa bado barabarani, yamenyauka, yamesagwa na matairi, na kila gari lililofika pale lilikuwa likihamia upande wa pili kukwepa lori ambalo halikuwepo.